Mahakama Imemwachia, Chama Kimemfungia

Oktoba 23, 2011, kwenye uwanja mdogo wa Loftus Road magharibi mwa London, Chelsea walilala 1-0 mbele ya Queens Park Rangers. Shabiki wa Chelsea wa Kariakoo au Kisumu angeshaisahau mechi hiyo kabla ya Krismasi, kama si maneno machache yaliyonaswa na kamera midomoni mwa nahodha John Terry. Yalikuwa matusi ya rangi, na yalimlenga beki wa wenyeji, Anton Ferdinand. Mwananchi mmoja akalalamika polisi, faili likafika kwa waendesha mashtaka, na nahodha wa timu ya taifa ya England akafunguliwa mashtaka.

Julai 13, 2012, Mahakama ya Westminster ilimwachia huru. Hakimu Mkuu Howard Riddle hakusema kwamba maneno hayakutamkwa. Terry mwenyewe alikubali kuyatamka, ila alidai alikuwa akiyarudia kwa kejeli, akikanusha kile alichodhani Ferdinand anamtuhumu nacho. Hakimu aliona upande wa mashtaka haujaliondoa shaka hilo, na mshtakiwa hupewa faida ya shaka. Hata angetiwa hatiani, adhabu ya juu kabisa ya kosa lake ilikuwa faini ya pauni 2,500.

Mambo hayakuishia hapo. Septemba 27 mwaka huohuo, jopo la Chama cha Soka cha England, FA, lilisikiliza tuhuma ileile, juu ya maneno yaleyale, likaona utetezi wa Terry hauaminiki. Akafungiwa mechi nne na kutozwa faini ya pauni 220,000, yaani mara 88 ya kiwango cha juu ambacho dola ingeweza kumtoza. Siku moja kabla ya kikao kuanza, Terry alikuwa ametangaza kuacha kuichezea timu ya taifa, akisema FA kwa kumfungulia mashtaka imemfanya ashindwe kuendelea.

Kwa hiyo kwa tukio moja palikuwa na mabaraza mawili. La kwanza lina nembo ya taifa, mawakili na rufaa, na linaweza kumnyang'anya mtu uhuru wake. La pili ni chama cha mchezo. Lenye meno makali likawa la pili.

Wanasheria hawaoni ajabu katika hilo. Kesi ya jinai inadai uthibitisho usioacha shaka ya maana, kwa sababu mwisho wake unaweza kuwa jela. Chama, klabu au mwajiri huuliza swali jepesi zaidi: je, kuna uwezekano mkubwa kwamba alitenda kuliko kwamba hakutenda? Mtu anaweza kushinda mtihani wa kwanza na kuanguka wa pili bila jaji wala jopo kuwa limekosea. Tatizo liko nje ya chumba cha mikutano. Mwananchi anayesoma kichwa cha habari hasomi viwango vya ushahidi. Anasoma kwamba fulani ana hatia.

Tena hakuna anayebisha kwamba kila kundi lina haki ya kuchagua wa kukaa nao. Kikundi cha vikoba kikigundua mweka hazina amechota fedha za sanduku hakingoji hukumu ya mahakama ya wilaya ndipo kimnyang'anye funguo. Kamati ya msikiti au ya harusi ingefanya vivyo hivyo. Lakini kumtoa mtu ili kuwalinda waliobaki ni jambo moja, na kumpimia adhabu inayolingana na kosa ni jambo jingine. Kumtoa kunahitaji tahadhari tu. Kupima adhabu kunahitaji ushahidi, utetezi, kiwango kinachojulikana mapema, na mtu asiye na maslahi wa kuamua. Mashirika binafsi hufanya vizuri lile la kwanza. Yakijaribu la pili, mara nyingi yanaumbuka.

Marekani imekuwa na mjadala huu kwa zaidi ya miaka 100, na ulianzia kwenye besiboli. Mwaka 1919 Chicago White Sox, timu iliyotarajiwa kushinda fainali, ilipoteza mbele ya Cincinnati Reds. Baadaye ikajulikana kuwa wachezaji kadhaa walipokea fedha za wacheza kamari ili waachie mechi. Wanane walishtakiwa. Illinois wakati huo haikuwa na sheria iliyotaja kuuza mechi kuwa kosa, hivyo waendesha mashtaka wakalazimika kuegemea njama ya udanganyifu. Agosti 2, 1921, juri mjini Chicago iliwaona hawana hatia, na mahakama ikajaa shangwe.

Shangwe hizo zilidumu usiku mmoja. Wamiliki wa timu walikuwa wameshamwajiri kamishna wa kwanza wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, ambaye kwa kituko cha aina yake alikuwa bado ni jaji wa serikali kuu ya Marekani. Kesho yake akatangaza kwamba bila kujali uamuzi wa juri, wote wanane hawatacheza tena maisha yao yote. Mmoja wao, Buck Weaver, hakuna aliyemwonyesha amepokea hata senti; kosa lake lilikuwa kuijua njama na kunyamaza. Aliomba kusafishwa jina hadi alipofariki mwaka 1956. Mwenzake maarufu zaidi, Joe Jackson, alikuwa amefariki mwaka 1951. Mei 2025 kamishna wa sasa, Rob Manfred, aliamua kwamba kifungo cha maisha kikome mhusika anapokufa, majina yao yakaondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa. Hata mahakama kali kuliko zote haimfungi mtu miaka 70 baada ya kuzikwa.

Landis, hata hivyo, alikuwa na hoja. Mchezo unaouzwa si mchezo, na kosa lile liliuumiza mchezo wenyewe kuliko lilivyomuumiza mtu mwingine yeyote. Chama cha besiboli kilikuwa kinaadhibu kosa la besiboli. Mambo yanachafuka pale chama cha mchezo kinapoanza kuadhibu yaliyotokea nyumbani kwa mchezaji, hotelini au kwenye lifti.

Lifti yenyewe ilikuwa Atlantic City, New Jersey, ndani ya kasino iliyoitwa Revel. Alfajiri ya Februari 15, 2014, Ray Rice, mkimbiaji wa Baltimore Ravens katika ligi ya mpira wa Marekani, NFL, alimpiga mchumba wake ngumi akazimia. Siku chache baadaye mtandao wa udaku wa TMZ ukarusha video ya nje ya lifti, ikimwonyesha Rice akimburuta mwanamke asiye na fahamu. Mwishoni mwa Machi juri kuu ikamfungulia shtaka la shambulio la kudhuru mwili. Siku iliyofuata wawili hao wakafunga ndoa.

Dola ilikuwa na kila kitu mkononi: video zote mbili, ya nje na ya ndani ya lifti. Ilichofanya ni kumwingiza Rice katika mpango maalumu wa wakosaji wa mara ya kwanza, ambao akiumaliza vizuri shtaka lake linafutwa. Wanaotuhumiwa kwa ukatili wa majumbani New Jersey ni nadra sana kuupata mpango huo. Rice aliupata, akahudhuria ushauri nasaha, na Mei 2015 shtaka likafutwa.

Hapo ndipo hasira za umma zilipohamia kwa kamishna wa NFL, Roger Goodell. Julai 2014 alimfungia Rice mechi mbili. Kipindi hichohicho mchezaji mwingine, Josh Gordon, alifungiwa msimu mzima kwa kukutwa na bangi. Wanawake wa Marekani, ambao ligi hiyo ilikuwa ikiwabembeleza kwa jezi za rangi ya waridi, walifanya hesabu ndogo: ngumi ni mechi mbili, msokoto ni mwaka. Mwishoni mwa Agosti Goodell aliwaandikia wamiliki wa timu akikiri amekosea, akatangaza kiwango kipya cha mechi sita kwa kosa la kwanza.

Kisha Septemba 8 TMZ wakarusha video ya pili, ile ya ndani. Hakukuwa na jambo jipya ndani yake. Ngumi ilikuwa ileile ambayo Rice alishaadhibiwa kwayo. Kilichoongezeka ni kwamba sasa taifa zima limeiona. Kabla jua halijazama Ravens walikuwa wamevunja mkataba wake, na Goodell amegeuza mechi mbili kuwa kifungo kisicho na mwisho, akidai Rice hakumweleza ukweli walipokutana.

Rice akakata rufaa. Aliyepewa shauri hilo alikuwa Barbara Jones, jaji mstaafu wa mahakama ya serikali kuu, na Novemba 28 akaifuta adhabu ya pili. Alichokiona ni kwamba Rice hakumdanganya kamishna, na kwamba mtu ameadhibiwa mara mbili kwa kosa moja bila sababu ya msingi. Jambo linalofaa kusemwa bila kupindisha ni kwamba Goodell hakumhukumu Rice, aliihukumu video. Mkuu wa zamani wa FBI, Robert Mueller, alipokabidhiwa uchunguzi wa suala hilo, hakupata ushahidi kwamba ligi ilikuwa na video ya ndani kabla ya Septemba, lakini akasema ligi ilikuwa na dalili za kutosha kuitafuta na haikuitafuta.

Rice alirudishiwa ruhusa ya kucheza. Hakuna timu iliyomchukua, na hakucheza tena mechi hata moja ya NFL. Alikuwa na umri wa miaka 27. Mkewe, yule aliyepigwa, alijitokeza hadharani kulalamika kwamba familia yake ndiyo inayonyang'anywa riziki. Malalamiko hayo yanaweza kusomwa kwa namna nyingi, na wanaowahudumia wanawake waliopigwa wanajua kwamba mwenye jeraha mara nyingi ndiye humtetea aliyemjeruhi. Lakini yanaonyesha pengo ambalo mahakama hulifikiria na ofisi ya kamishna hailifikirii. Hakimu anayetoa adhabu huuliza nani anamtegemea mtu huyu, aliyedhurika anataka nini, na kuna namna gani ya kuhakikisha kosa halirudiwi. Ligi huuliza wadhamini wanasemaje.

Bado ni rahisi kuwaelewa walioshangilia Rice alipofukuzwa. Mahakama ilikuwa imeshindwa kazi mbele ya macho yao, na mtu akikosa haki kwa hakimu ataitafuta kwa mwingine yeyote mwenye fimbo. Wazee wa Shinyanga na Tabora wanaijua hadithi hiyo kwa namna yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wakiibwa na majambazi wenye bunduki huku kesi zikiyeyuka vituoni na mahakamani, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu. Waliwakamata watuhumiwa, wakawahoji wenyewe, wakawatoza faini au kuwatenga na jamii nzima. Wizi ulipungua. Wapo pia waliopigwa na waliouawa bila kupewa nafasi ya kujitetea, wakiwemo vikongwe walioitwa wachawi. Serikali ilibaki kati ya kuwasifu na kuwaogopa, mpaka mwaka 1989 ilipowaingiza ndani ya sheria ya mgambo. Sungusungu si kampuni wala klabu, lakini mashine iliyowazaa ndiyo iliyomzaa Goodell mwenye hasira: dola inayochelewa.

Upande wa pili wa jambo hili una jina la Benjamin Mendy. Beki huyo Mfaransa wa Manchester City alishtakiwa Agosti 2021 kwa makosa ya ubakaji. Klabu ikamsimamisha, na kuanzia Septemba ikaacha kumlipa mshahara. Hoja ya City ilikuwa kwamba mchezaji aliye rumande, au aliye nje kwa masharti ya dhamana huku FA imemzuia kucheza, hawezi kufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Januari 2023 juri ya Chester ilimwona hana hatia katika mashtaka mengi, na Julai juri nyingine ikamsafisha katika mawili yaliyobaki. Kufikia hapo mkataba wake ulikuwa umeisha, na alikuwa ameishi kwa mikopo ya wachezaji wenzake wa City.

Mendy akaidai klabu zaidi ya pauni milioni 11. Novemba 2024 baraza la ajira liliamua kwamba anastahili sehemu kubwa ya fedha hizo, isipokuwa za miezi ambayo alikuwa mahabusu. Kwa muda uliobaki alikuwa tayari kufanya kazi, na vizuizi vilivyomzuia havikuwa hiari yake.

Kwa masikio ya mtu anayepanda daladala, milioni 11 za mwanasoka si msiba. Ipunguze hesabu hiyo hadi kiwango cha kawaida: mhudumu wa benki anayelipwa laki sita, ametuhumiwa, mshahara umekatwa siku ya kwanza, kesi inaahirishwa kwa miaka miwili, halafu anaachiwa. Wachezaji wenzake wa kumkopesha hana.

Manchester United, majirani wa City, walipita njia ya tatu. Mason Greenwood alikamatwa Januari 2022 baada ya picha na sauti kusambaa mitandaoni. Alishtakiwa Oktoba, na Februari 2023 waendesha mashtaka wakaifuta kesi, wakieleza kwamba mashahidi muhimu wamejitoa na taarifa mpya zimejitokeza. Klabu ilikuwa imeendelea kumlipa. Kesi ilipokufa, United ikafanya uchunguzi wake wa ndani kwa miezi sita. Habari zikavuja kwamba inapanga kumrejesha kikosini, mashabiki wakapaza sauti, na Agosti 21 likatoka tamko la kushangaza: klabu imeridhika kwamba hakutenda makosa aliyoshtakiwa nayo, lakini pande zote zimekubaliana aendelee na maisha yake kwingine. Ushahidi uliotumika haukuwekwa hadharani. Akakopeshwa Getafe ya Hispania, na mwaka uliofuata akauzwa Marseille kwa zaidi ya pauni milioni 20.

Ikiwa hakutenda, kwa nini aondoke? Ikiwa alitenda, kwa nini auzwe kwa faida? Mahakama isingeruhusiwa kutoa hukumu yenye pande mbili hivyo, kwa sababu jaji analazimika kuandika sababu zake na mwingine akazisoma. Klabu hailazimiki.

Lipo eneo moja ambalo hukumu za vyombo binafsi zinaelekea kufanya kazi, na Wakenya wanalifahamu kuliko wengi. Jemima Sumgong alishinda dhahabu ya marathon katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Miezi michache baadaye sampuli yake ikakutwa na EPO, dawa inayoongeza chembe nyekundu za damu. Akafungiwa miaka minne. Katika kujitetea aliwasilisha nyaraka za matibabu ambazo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilisema si zake, na Januari 2019 kitengo cha uadilifu wa riadha chenye makao Monaco kikatangaza kifungo cha miaka minane kwa kuvuruga uchunguzi.

Kughushi nyaraka ni jinai katika nchi yoyote, Kenya ikiwemo. Lakini aliyeifikisha hoja hiyo mwisho hakuwa mwendesha mashtaka wa Nairobi. Ilikuwa ofisi ya riadha iliyoko Ulaya, yenye wataalamu wa damu, viwango vya adhabu vilivyochapishwa mapema na mlango wa rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Mfumo huo una ukali wake. Mwanariadha ndiye anayebeba mzigo wa kueleza dawa iliingiaje mwilini, jambo ambalo katika jinai lingeitwa uonevu. Hata hivyo anajua sheria hiyo tangu siku anaposaini kushindana, na anachonyang'anywa ni mashindano. Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016, mbio mbio, ili nchi isizuiwe kwenda Rio, na mpaka leo kinachowatisha wakimbiaji wa Iten ni barua pepe kutoka Monaco.

Kwa wasomaji wengi, chombo binafsi chenye uwezo wa kuwaadhibu si FA wala Monaco. Ni mwajiri. Na kwa swali hili majirani wawili wa Afrika Mashariki wametoa majibu yanayopingana, kiasi kwamba mtu anaweza kuyaona akiwa amesimama Namanga, mji uliokatwa katikati na mpaka.

Upande wa Tanzania, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kumpa adhabu au kumfukuza mfanyakazi aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa ambalo kimsingi ni lilelile, hadi mahakama na rufaa zote zimalize kazi. Anachoruhusiwa ni kumsimamisha, akiendelea kumlipa mshahara kamili. Upande wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inamruhusu mwajiri kumwachisha kazi papo hapo mfanyakazi ambaye kuna sababu za kutosha za kumshuku kuwa amemtendea mwajiri jinai, ilimradi amsikilize kwanza mbele ya mwenzake aliyemchagua. Hata mfanyakazi aliyekamatwa na kukaa siku 14 bila kupata dhamana anaweza kupoteza kazi. Mahakama za kazi za Kenya zimekuwa zikirudia kwamba nidhamu ya kazini na kesi ya jinai ni njia mbili tofauti. Kushinda moja si kushinda nyingine.

Kwa macho ya mfanyakazi, sheria ya Tanzania ni ya kiungwana zaidi. Ina kasoro moja ambayo yeyote aliyewahi kuendesha duka ataiona haraka. Mlango wa nidhamu unafungwa pale tu kesi inapofunguliwa. Mwenye duka akienda polisi, atamlipa mtuhumiwa mshahara kwa miaka yote ya kuahirishwa kwa kesi. Asipokwenda, anaweza kumwita ofisini Jumatatu, kusikiliza utetezi wake Jumatano na kumaliza naye Ijumaa. Sheria iliyotaka mahakama itangulie inampa mwajiri sababu ya kuikwepa mahakama kabisa. Mfanyakazi anaandika barua ya kujiuzulu, anarudisha sehemu ya fedha, wanapeana mikono, na miezi mitatu baadaye yuko kwenye kaunta ya kampuni nyingine yenye droo nyingine ya fedha.

Hili ndilo eneo la hatari kuliko yote, na halina kelele za video. Taasisi inayoadhibu hadharani angalau inaweza kukosolewa hadharani. Inayoadhibu kwa siri ili jambo lisifike mahakamani inageuka ngome ya mkosaji. Jimbo Kuu Katoliki la Boston lilikuwa na adhabu zake kwa mapadri waliowanajisi watoto: likizo ya matibabu, ushauri wa daktari, uhamisho wa parokia. Padri John Geoghan alizungushwa kwa namna hiyo kwa miaka mingi, na watu zaidi ya 130 wakaja kusema aliwadhulumu utotoni. Gazeti la Boston Globe lilipoyaanika hayo Januari 2002, mwaka haukuisha kabla mkuu wa jimbo hilo, Kardinali Bernard Law, hajajiuzulu. Papa Francis aliondoa usiri wa kipapa juu ya mashauri ya aina hiyo Desemba 2019. Kwa maneno mengine, iliichukua taasisi kongwe kuliko dola nyingi duniani miaka 17 zaidi kukubali kwamba majalada yake yanaweza kwenda kwa polisi.

NFL nayo ilijifunza kidogo. Katika mkataba wa mwaka 2020 na chama cha wachezaji, ligi ilikubali kwamba kamishna asiwe mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu kwa wakati mmoja. Ofisa huru atasikiliza kwanza. Jaribio kubwa la utaratibu huo lilikuwa Deshaun Watson, mrushaji mpira aliyefunguliwa kesi za madai na wanawake zaidi ya 20, wengi wao wahudumu wa masaji, wakimtuhumu kwa udhalilishaji wa kingono. Alikana. Machi 2022 juri kuu mbili za Texas ziliamua asishtakiwe kwa jinai, na mwezi huohuo Cleveland Browns wakampa mkataba wa dola milioni 230 zilizohakikishwa zote.

Ofisa huru, jaji mstaafu Sue Robinson, aliona tuhuma alizoletewa zimethibitika kwa kiwango cha ligi, akampa mechi sita, akieleza kwamba mifano ya nyuma ya ligi yenyewe haimruhusu kwenda mbali zaidi. NFL ikaikatia rufaa hukumu ya ofisa huyo, na rufaa hiyo, kwa utaratibu uleule mpya, ilirudi kwa kamishna au mtu atakayemteua. Mwishowe pande mbili zikakubaliana mechi 11 na faini ya dola milioni 5. Mchezaji anayefungiwa hupoteza mshahara wa mechi alizokosa, lakini Browns walikuwa wameupanga mkataba ili mshahara wa msingi wa mwaka wa kwanza uwe dola milioni moja na ushei tu. Mapato yake makubwa hayakuguswa. Kesi za wanawake, karibu zote, zilimalizwa nje ya mahakama, kwa masharti ambayo hayakutangazwa.